Kabla Hujasaini Kumpokea Mwanao

Akina mama wenzangu, hizi sheria mpya za kuwatoa watoto wetu jela kabla ya muda zimetufurahisha. Hata mimi nilipiga vigelegele. Sasa sikilizeni yaliyonikuta.

Wanangu wawili walifungwa kwa kesi moja, wizi wa nyaya. Mdogo alipewa kifungo kifupi, akakimaliza, akarudi kwangu. Mkubwa akatolewa mapema kwa masharti: alale kwangu, na asikutane na mtu yeyote aliyefungwa naye kwa kesi ile. Nikasaini. Nilijua wanawasema wale wahuni wenzake.

Mdogo ndiye aliyeshtuka. "Mama, na mimi je?"

"Wewe nduguye, mmenyonya ziwa moja. Acha woga."

Hakuacha. Akahamia karakana ya kuchomelea vyuma anakofanya kazi, akawa analala huko. Mkubwa akawa anacheka, "Mdogo wangu ananikimbia kama nina upele!" Lakini chakula hakimshuki. Jumapili moja nikamwita mdogo kwa nguvu, nikamwambia naumwa.

Alikuja mbio. Kuniona mzima, akanuna. Mkubwa akamvuta sikio, "Kaa ule, bwana fundi." Wakala sahani moja. Wakacheka.

Afisa anayemwangalia mkubwa, binti mmoja, akabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, karibu."

"Na huyu kijana?"

"Kitinda mimba wangu," nikajibu, najidai kabisa.

Akamtazama, akamtazama na nduguye. Uso ukamshuka.

"Mama, hawa si walifungwa pamoja?"

"Ni ndugu hawa!"

"Ungeniambia mapema ningemwomba hakimu aliondoe sharti lile. Sheria inaruhusu. Sasa nimewakuta."

Mkubwa akasimama. "Dada, nilimwita mimi. Mtoto hana kosa."

Alidanganya kwa ajili yangu, nami nikanyamaza.

Hakimu alimrudisha jela amalizie kifungo chote. Ulizeni, mama zangu. Mkiambiwa "mtu yeyote", tajeni watoto wenu mmoja mmoja, hata mkionekana washamba.

Mdogo hakatazwi na mtu kuja kwangu sasa. Haji. Nampelekea chakula karakanani, anapokea bila kuvua ile miwani yake nyeusi.

"Asante, Mama. Nenda, cheche zitakuunguza."

Narudi nyumbani, napika kidogo.