Magome ya Arusi ya Heilala

Ule msemo wa kunyamaza ambao Watonga wa visiwa vya Pasifiki wanatupiana hadi leo, wengi hawajui kwamba ulianzia kwenye bega la mwanamke aliyechoka.

Ungatea alikuwa akipiga magome ya arusi ya bintiye, Heilala. Magome yalishatoka majini, laini, na wanawake walikuwa wamekaa kwenye gogo moja, nyundo za mti zikipanda na kushuka tangu alfajiri. Bila kitambaa cha magome, bibi arusi huenda kwa mumewe kama mtu asiye na kwao. Ungatea alilijua hilo, ila bega lilimuuma hadi kwenye meno.

Ndipo akamwona mke wa mnenaji wa chifu akipita, kajifunga mkeka mkuukuu, mpana, uliochanikachanika. Mkeka wa msiba. Na chifu alikuwa hoi kwa homa.

"Basi, jamani," Ungatea akasema. "Mzee katutoka."

"We! Unamchulia?" wifi yake Paongo akaruka. "Nani kakwambia?"

"Macho yangu."

"Macho yako au bega lako?"

Wakacheka kidogo, wakaacha. Neno lilishatoka. Chifu akifa, halipigwi gome mpaka matanga yaishe. Kelele juu ya maiti yake ni tusi, na ukoo mzima wa aliyepiga utakiona. Nyundo zikalazwa, moja baada ya nyingine.

"Nenda kaulize basi," Paongo akasema.

"Niulize nini? Kama keshakufa? Si wataniuliza nina haraka ya nini?"

Basi wakangoja mnenaji atangaze, maana ni yeye tu anayetangaza. Hakutangaza. Kukachwa, kukacha, hakutangaza. Magome yakaanza kunuka chini ya majani ya mgomba. Heilala akawa anayafunua, anayafunika, mgongo kampa mama yake.

Kisha asubuhi moja chifu mwenyewe akaja, taratibu, kaegemea mkono wa mnenaji.

"Kijiji kina nini? Nimelala siku zote hizi sisikii nyundo hata moja. Nikadhani nyinyi ndio mmekufa!"

Paongo akainamisha kichwa. "Shangazi yake," akamnong'oneza Ungatea. "Ndiyo kwanza nimesikia. Mke wa mnenaji alikuwa anamlilia shangazi yake."

"Tupo, bwana mkubwa," Ungatea akajibu. "Tulipumzika tu."

"Haya, pigeni nisikie."

Nani angemwambia kwamba walidhani kafa? Ungatea akatandaza gome, akapiga. Likatoka vipande, jeusi, kama uji ulioungua. Akapiga tena. Chifu alifumba macho, akasema mdundo ni mtamu.

Heilala aliolewa kwa kitambaa cha kuazima kwa watu wa mume. Hukohuko, watu wakila, msemo ukatungwa: "Nyundo kimya, chifu mzima." Ungatea aliusikia mara ya kwanza ukisemwa, akajua ni wake, akanyoosha mkono kuchukua kiazi kikuu kingine.