Los Porfiados na Wimbo wa Maji

Kwa miaka mingi hakuna mkubwa aliyewakumbuka Los Porfiados, yaani Wabishi, bendi ya asili iliyopiga kwenye kila mgomo wa wachimba madini na mazishi ya kila maskini pale mjini Los Canelos. Walikuwa wamebaki wawili: Hortensia wa ngoma kubwa, na Nolberto wa gitaa, ambaye masikio yake yalikuwa yameshamuaga.

Mwaka wa uchaguzi, meya Don Evaristo akawakumbuka ghafla. Akapanda mwenyewe hadi kwao kilimani, keki mkononi, kuwaalika wapige kwenye sherehe ya mji.

"Mama Hortensia, nyinyi ni hazina yetu!"

"Hazina mliyoifukia wenyewe. Karibu, ila chai sikupi. Maji hayajapanda huku wiki nzima."

Meya akacheka, akidhani anataniwa.

Siku ya sherehe, bango la uwanjani lilikuwa na picha ya bendi nyingine kabisa. Nolberto akaikodolea macho.

"Kumbe nilikuwa na nywele nzuri hivi!"

"Acha kujisifia, piga gitaa."

Wakapiga wimbo wao wa maji. Meya, aliyekuwa akipungia wapiga kura mkono, alisikia mdundo tu. Akautangaza palepale kuwa wimbo rasmi wa mji. Watu wa kilimani walishangilia hadi wakatokwa machozi.

Basi ukaimbwa shuleni, kwenye gwaride, hata barazani, madiwani wamesimama, mikono kifuani: "Bwana mkubwa aoga mara tatu, mwanangu alala na kiu."

Wa kwanza kuyasikiliza maneno alikuwa waziri, mgeni kutoka mji mkuu, Santiago, siku wanafunzi walipomwimbia. Akamwinamia meya.

"Mheshimiwa, huyo anayeoga mara tatu ni nani?"

Don Evaristo akafumba mdomo katikati ya ubeti. "Ni... ni yule aliyenitangulia."

"Na maji yalishafika?"

Wanafunzi wakaitikia kiitikio kwa nguvu zote: "Bado! Bado! Bado!"

Bomba lilifika kilimani kabla ya Krismasi. Hortensia alitia kichwa chini ya maji, akacheka peke yake kama mwendawazimu. Wiki hiyohiyo baraza likaufuta wimbo, eti umepitwa na wakati.

"Wametusahau tena!" Nolberto alifoka, kwa sauti ya kiziwi.

Hortensia alikuwa anakaza ngozi ya ngoma. Akamsogelea sikioni.

"Waache. Zahanati haina daktari. Hebu tafuta sauti ya kuanzia wimbo mpya."