Nafasi ya Kidole Gumba

Nilianza kunusa nguo za Janine siku ya tatu baada ya daktari kumkataza mbio.

Asiyetujua ataona ni uchokozi, mama kumnusa binti wa miaka hamsini na moja. Lakini Janine alivuta sigara tangu shule, na kilichomwachisha si dawa wala maombi. Ni mbio. Hamu ikimpanda, anafunga kamba za viatu na kushika njia ya ufukweni, kutoka mtaa wetu huu wa Semaphore hadi mtaa wa Largs na kurudi. Miaka tisa hivyo. Sasa goti limesagika ndani, kila kishindo linavimba, na daktari kasema mbio basi.

Wiki ya pili nikakuta kiberiti cha gesi kwenye koti lake.

"Cha nini hiki?"

"Cha mishumaa, Mama."

"Nyumba hii ina mishumaa?"

Akakirudisha mfukoni. Jioni ile ile akaniambia amepata njia: viatu vya magurudumu, vile vyenye manne kwenye mstari mmoja. Mguu unateleza, haupigi chini. Jasho linatoka, goti halina habari. Nikasema nitakwenda naye dukani. Mtu mwenye shida huuziwa chochote.

Muuzaji alikuwa mama wa Kigiriki, Voula, nywele nyeupe, kovu kwenye kiwiko. Hakuuliza tunataka rangi gani. Aliuliza goti lipi, na Janine anataka kwenda mbali kiasi gani. Akampima mguu, akapotelea nyuma ya duka, akarudi na boksi lenye vumbi. Vumbi lile nililiona mimi kwanza.

Janine akavaa, akasimama. "Vinabana. Vidole vinagusa mbele."

"Vizuri," Voula akasema. "Kunja magoti."

Akakunja. "Vidole vimerudi nyuma kidogo."

"Ukiteleza utakuwa umekunja hivyo hivyo. Hiyo ndiyo saizi yako."

Sasa, viatu sisi tunavijua. Miaka tisa nimefuatana na Janine kununua vya mbio, na kila mara tunaacha mbele nafasi ya kidole gumba, la sivyo kucha zinageuka nyeusi na kung'oka. Nikamvuta pembeni.

"Huyu anaondoa mabaki. Umeliona vumbi?"

"Mama, anasikia."

"Asikie. Mwambie alete namba ya juu."

Voula akaleta. Boksi hilo halikuwa na vumbi. "Mguu ni wako, dada," alimwambia Janine, si mimi. "Ila tembea navyo kwanza nyumbani, juu ya zulia. Visipogusa lami nitakubadilishia."

Hilo nalo nikalitilia shaka. Duka gani linakuomba urudishe?

Tukalipia vile vikubwa, na zulia hatukulijali. Asubuhi yake Janine alikuwa ufukweni, helmeti kichwani, vikinga kwenye viganja, mimi kwenye benchi na chupa ya chai. Mguu ulicheza ndani ya kiatu kama ulimi mdomoni. Kila akisukuma, kisigino kinanyanyuka na kifundo kinalala upande. Alifika kwenye gati, akarudi ameshikilia ukuta wa ufukweni. Kisigino kimechubuka hadi damu.

"Goti?" nikauliza.

"Goti halina neno. Ni mimi. Nimechelewa, Mama. Haya mambo ya watoto."

Akavitupa nyuma ya mlango. Kesho yake hakutoka, wala keshokutwa. Alikuwa anamumunya peremende za mnanaa. Mtu hamumunyi mnanaa kutwa nzima bila harufu ya kuficha.

"Umevuta?"

"Bado."

Neno hilo lilininyanyua kwenye kiti. Nikabeba boksi, nikaenda kwa Voula peke yangu.

Alikigeuza kiatu juu chini, akazungusha gurudumu kwa kidole. Mchanga ukakwaruza.

"Zulia lenu lina mchanga," akasema.

"Kosa ni langu. Nilidhani unatuuzia mabaki."

"Ni mabaki. Vimekaa miezi minane. Kwani kiatu kinajua kimekaa?" Akaviweka kando. "Hivi siwezi kuviuza tena, vitakuwa vya kukodisha." Akaleta lile boksi la kwanza. Hata vumbi hakuwa amelifuta.

"Na vikimbana?"

"Utakuja kunigombeza. Wewe najua utakuja."

Janine alivivaa pale pale ufukweni, akinitazama kama anayenyweshwa dawa. Akasimama, vidole vikagusa. Akakunja magoti, vikaachia. Kisigino, na plasta yake, kikatulia. Akanirushia koti, akaondoka. Hakwenda kwa madaha. Kwenye gati alipita mikono ikipiga hewa kama kuku anayekimbizwa. Lakini alipita, na sikumwona tena mpaka nimemaliza kikombe kizima cha chai.

Nilipobaki peke yangu nikatia mkono mfukoni mwa koti. Kiberiti kilikuwemo.

Alirudi jasho linadondoka kidevuni. Akanywa maji kwanza.

"Umepekua?"

"Nimepekua."

"Basi kaa nacho. Nunua na mishumaa yake."

Nikakitia kwenye mkoba wangu. Alipoinama kufungua vishikizo vya viatu, nikamsogelea nikamnusa begani. Jasho na mafuta ya jua.

"Umeridhika?"

"Kwa leo," nikamwambia.