Msalaba Uliofyonzwa

Siku nane za sala za marehemu don Crescencio zilipita salama, licha ya Griselda. Mke huyo wa mwana wa marehemu alikuja kutoka mji wa Puebla na masanduku mawili na mashine ya kufyonza vumbi, kana kwamba ameitwa kusafisha hoteli. Kila asubuhi alisimama mbele ya waombolezaji akibandua manyoya kwenye sketi yake nyeusi kwa utepe wa gundi, huku akiguna.

"Wifi, huyu mbwa ananyonyoka kama kuku aliyetiwa maji ya moto," alimwambia Hermelinda, binti wa marehemu. "Manyoya yamo kwenye kahawa. Yamo hadi kwenye mkate. Watu wa maana wataketi wapi?"

"Watakaa pale pale walipokaa baba akiwa mgonjwa. Wewe huwajui, kwa sababu hukuja."

Hermelinda hakutaka ugomvi. Alitaka jambo moja tu: msalaba wa baba yake uinuliwe ipasavyo. Ulichorwa kwa unga wa chokaa sakafuni, mahali alipolazwa maiti. Siku ya tisa ungezolewa kwa mkono, sala ikisomwa, ukapelekwa wote kaburini. Bila hivyo, roho ingebaki inazungukazunguka ndani ya nyumba. Canelo, mbwa wa marehemu, alikuwa amelala kando ya msalaba huo tangu mazishi, na manyoya yake yalikuwa yametandaa juu yake.

Mchana wa siku ya tisa Hermelinda alikwenda sokoni kununua maua. Aliporudi, sakafu iling'aa. Mahali pa msalaba, chini ya meza ya mishumaa, hapakuwa na kitu.

"Griselda! Msalaba uko wapi?"

"Nilitaka kutoa manyoya ya juu juu tu. Mashine ikavuta vyote." Griselda alishusha sauti. "Lakini chokaa si ipo dukani? Tuchore mwingine kabla mama wa sala hajafika."

"Na baba utamnunua duka gani?"

Bi Eufrasia, mwongoza sala, alikuwa ameshafika mlangoni. Aliitazama mashine, kisha mwenye mashine.

"Yumo humo?"

"Yumo," alisema Hermelinda.

"Miaka arobaini nainua misalaba. Nimeona uliokanyagwa na mlevi, nimeona uliokwaruliwa na kuku. Wa kumfyonza baba mkwe kwa umeme, mwanangu, ni wewe wa kwanza."

Waliupasua mfuko wa mashine juu ya kitambaa cheupe. Likatoka bonge la kijivu, chokaa na manyoya vimesokotana. Griselda akaziba pua.

"Kaa chini, wifi," Hermelinda alisema. "Chambua."

Griselda alipiga magoti na nguo zake za maombolezo, akavuta unyoya mmoja mmoja. Hermelinda alimtazama kwa raha, kisha raha ikamtoka. Kila unyoya uliovutwa ulikuwa mweupe kwa chokaa.

"Acha! Unamtupa baba kidogo kidogo."

"Sasa nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Hicho ndicho ulichopaswa kufanya tangu asubuhi."

Bi Eufrasia akainua bonge lile kwa viganja, sehemu kwa sehemu kama msalaba: kichwa, mikono miwili, miguu, akisali kila mara. Makaburini Hermelinda alilifukia lote, manyoya na chokaa, akashindilia udongo kwa mkono. Griselda alisimama mbali akijipangusa magoti.

Hermelinda alimfuata, akamkabidhi mfuko uliopasuliwa.

"Chukua, wifi. Sasa ni safi kama unavyopenda."