Som Anaimba kwa Munah

Som alikuwa katikati ya wimbo aliposikia gari likizimwa nje ya ua. Akaukatiza. Bidah, aliyekuwa akimpigia zeze, akalisukuma kwa mguu chini ya kitanda cha mgonjwa.

"Nani huyo?" Munah akauliza kwa shida.

Munah alikuwa hali, hanywi. Alichoomba ni kimoja tu: kusikia makyong, ule mchezo wa kuigiza na kuimba, kama walipokuwa wakicheza zamani, yeye malkia na Som mfalme. Lakini mchezo huo ulikuwa umepigwa marufuku, na wachezaji walijificha kama wezi. Sokoni Som alijulikana kwa wali wake wa buluu, uliotiwa rangi ya maua, basi. Bintiye Rohaya, aliyekuwa amechumbiwa, alimsihi kila siku: "Mama, ukiulizwa, wewe muuza wali. Usije ukaniharibia."

Mlango ulifunguliwa kabla hodi haijaitikiwa. Wakaingia maafisa wawili wa idara ya dini, mmoja mtu mzima, mwingine kijana.

"Asalaam aleikum. Tumesikia kuna makyong humu."

"Waaleikum salaam. Ilikuwa redio, ustadhi," Bidah akawahi.

"Iko wapi hiyo redio?"

Som akaikodolea macho sakafu, akijisemea moyoni: muuza wali, muuza wali.

Yule mtu mzima akamwinamia Munah. "Nyumba ni yako, mama? Basi utajibu wewe. Inuka, twende."

Munah akajaribu kuinuka kweli. Mkono wake, mkavu kama ukuni, ukajikita kwenye godoro, kisha ukamwangusha.

"Mwacheni!" Som akasikia mtu akisema, na mtu huyo alikuwa yeye. "Niliyeimba ni mimi."

"Wewe nani?"

"Som. Mimi naigiza mfalme."

"Unaigiza au uliigiza, mama?" yule kijana akauliza taratibu, kama anayemwonyesha pa kutokea.

Som alipaona. Angesema tu kwamba ni mambo ya ujana, yamekwisha, na wangemwacha pale pale. Akamtazama Munah, na Munah alikuwa akimtazama yeye.

"Naigiza," akasema.

Walilivuta zeze kutoka chini ya kitanda, wakalichukua pamoja na Som. Alishinda ofisini kwao juu ya benchi, akishtuka kila mlango ulipolia, akiomba dua zote anazozijua. Alasiri wakamwachia kwa onyo: akirudia, ni mahakamani.

Habari zilikuwa zimeshamtangulia nyumbani. Rohaya alikuwa ameketi ngazini, macho mekundu.

"Mama mkwe amepiga simu."

"Kasemaje?"

"Kauliza kama ni kweli mamangu mchezaji."

Som akashika nguzo. Hofu ya ofisini ilikuwa ndogo kuliko hii. "Ukamwambiaje, mwanangu?"

"Nilitaka kukataa, mama. Wallahi nilitaka. Nikasikia mdomo wangu unasema, ndiyo, ni mamangu, na anaimba vizuri."

"Naye?"

"Akakata simu."

Som akaketi kando yake. Rohaya alikuwa akitetemeka, naye pia, wasijue nani anamtetemesha mwenzake. Ile simu ilikuwa mapajani mwa binti, na wote wawili waliitazama wakiogopa ikilia, wakiogopa isipolia.