TV ya Mbuya

Watu husema nina shuku. Sikatai. Nauza mashuka na mapazia hapa Luzira mwaka wa kumi na moja sasa, na mtu akiingia dukani kuulizia pazia zito huku anatazama nyuma, najua ana jambo. Sijui jambo gani, lakini najua lipo. Kwa hiyo meseji ile iliponifikia Jumatatu asubuhi, nikiwa nakata kitambaa cha mteja, niliweka mkasi chini na kuisoma mara tatu.

Ilitoka kwa ile huduma ya filamu ninayoilipia mwenyewe ili nitazame tamthilia zangu za Kituruki. Walisema wameanza kuwabana wanaogawana akaunti. Akaunti moja, nyumba moja. Kuanzia sasa TV yoyote iliyo nje ya nyumba yangu itajifunga, na haitafunguka mpaka mtu aiwekee tarakimu nne zitakazotumwa kwenye simu yangu, tena ndani ya dakika kumi na tano. Halafu wakaniuliza kwa adabu kabisa kama ninaitambua TV fulani. Chini wakaandika mahali ilipo, mtaa mmoja jirani na wetu. Mbuya.

Sisi tuna TV moja tu, na iko sebuleni kwetu, Luzira. Mbuya sina ndugu, sina rafiki, sina hata mteja wa kudumu. Neno la siri la akaunti tulilijua watu wawili, mimi na mume wangu Sadiq.

Nikafunga duka mapema nikaanza uchunguzi. Huduma ile huweka orodha ya kila kilichotazamwa, na humo nikamkuta mtu kamili anaishi. Asubuhi vipindi vya mapishi, mchana tamthilia za harusi. Kisha kila Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi alasiri, filamu za vita za zamani. Jumanne na Alhamisi ndizo siku ambazo Sadiq huniambia yuko bandarini Port Bell anasubiri mabehewa ya simenti yavushwe na feri. Ni kweli kwamba Sadiq hapendi filamu za vita, husinzia risasi ya kwanza ikilia. Lakini nikajiambia mwanamume akiwa kwa mwanamke mpya hupenda kila anachowekewa mbele, hata uji usio na sukari.

Jioni alipokuwa anakula nikamuuliza bila kuzunguka. "Mbuya kuna nani?"

Tonge lilibaki mkononi. "Mbuya kuna watu wengi, Mama Shafiq."

"Anayetazama TV yangu."

Akalirudisha tonge sahanini. "Acha hayo," akasema. "Nakuomba, acha."

Hakukana! Mtu asiye na kosa hupiga kelele, huapa, huita majirani. Mume wangu alinawa mikono akaenda kuswali. Kimya kingi kina mshindo, na mimi mshindo huo niliusikia hadi kwenye meno.

Kwetu mke hagombani na mumewe mbele ya majirani. Hupeleka shauri kwa wazazi wake, na Ijumaa baada ya sala mume huitwa kujibu mkekani. Mwenye mkeka kwetu ni baba yangu mwenyewe, Sheikh Sulaimani, mwalimu wa madrasa. Ndoa za watu kutoka Luzira hadi Mutungo zimeshonwa na kufumuliwa mbele yake miaka thelathini. Mkwe hambishii. Akisema kaa, unakaa.

Baba alinisikiliza Jumatano, akashika ndevu. "Mwanangu, kuchungulia ya watu si ibada. Hizo TV ndizo zinawaharibu. Mbona usiifunge tu hiyo akaunti, mkalala?"

Nikaona mzee wa watu, ambaye nyumbani kwake hakuna hata redio yenye picha, hajaelewa. Mama ndiye aliyeelewa. "Usifunge chochote," akaninong'oneza jikoni. "Ukifunga, ushahidi unakufa." Palepale akaanza kutoa magunia kwenye chumba changu cha zamani, akatandika vitanda, kimoja changu na kimoja cha watoto. "Akikosa jibu Ijumaa, unabaki hapa. Mume anayeficha nyumba si mume, ni mpangaji."

Mama yangu, Bi Shamsia, ana miaka arobaini na mitatu katika ndoa yake. Akipata nafasi hata msibani atakwambia, "Sulaimani hajawahi kunificha hata kikohozi." Hicho ndicho kipimo alichonilea nacho, na ndicho nilichomwekea Sadiq.

Ijumaa tukakaa. Baba aliegemea mto wake, simu yake kando ya goti. Mimi kuliani kwake, maana mlalamikaji huketi hapo. Mama ng'ambo, karibu na birika la chai. Sadiq mbele yetu, miguu ameikunja, macho yako kwenye mkeka.

"Sadiq," baba akaanza, "mwenzako anauliza habari ya TV. Una la kusema?"

"Sina, Baba."

"Basi, mtu akinyamaza hatumlazimishi. Ataomba radhi, yaishe."

Nikapandwa na hasira. "Yaishe vipi, Baba? Hata hajaulizwa!"

"Hata mimi nashangaa," mama akadakia. "Mzee, mwezi uliopita tu ulimkalisha yule Kamis hapa saa tatu nzima kwa sababu ya meseji moja. Leo kwa mtoto wako mwenyewe unasema yaishe?" Hakungoja jibu. Akamgeukia Sadiq. "Mkwe wangu, nimekulisha kwa mkono huu. Umeoa mke Mbuya?"

Sadiq akafungua mdomo. Akamtazama baba, kisha akaufunga. Nilidhani anaogopa hukumu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama akasema, akamimina chai kwa nguvu hata ikamwagika.

"Basi mimi nina neno moja," nikasema. Nilimpenda mwanamume yule. Nilikuwa bado nampenda hapo hapo nilipokuwa namshtaki, na hilo ndilo lililonichoma. "Leo aseme ni nani, au nabaki hapa na watoto wangu na aniandikie talaka."

"Firdaus," Sadiq akasema polepole. Haniiti kwa jina langu isipokuwa kuna msiba. "Usilitaje hilo neno."

"Basi taja lako."

Hakutaja. Baba akakohoa, akasema kwamba maadamu pande zote zimesikilizwa labda tusome dua. Kabla hajainua mikono simu yangu ikatetemeka.

TV ya Mbuya ilikuwa inaomba kufunguliwa. Tarakimu nne zilikuwa hizo hapo. Dakika kumi na tano.

"Banange!" nikapiga kelele. "Huyu hapa! Amekaa mbele ya TV sasa hivi, anataka namba! Haya, Sadiq, toa simu yako. Iweke hapo katikati. Hana namba, kwa hiyo atampigia bwana wake amwombe, na sote tutasikia."

Sadiq akaitoa kwenye mfuko wa kanzu, akaiweka mkekani. Mama akasogea mbele akiwa na kikombe mkononi. Tukaikodolea macho ile simu, nyeusi, kimya.

Iliyolia ilikuwa ya baba.

"Fundi Bomba," kioo kiliandika. Baba akaikata. Ikalia tena. Akaikata tena, akanyoosha mkono aigeuze kifudifudi, lakini meseji ikawahi kuingia, na mimi nilikuwa kuliani kwake, karibu kuliko mtu yeyote. Nilisoma yote. *Mzee TV imejifunga inataka namba nne. Mwambie Sadiq aulize kwa mke wake. Unakuja lini?*

Kiganja cha baba kikaifunika simu. Macho yetu yakakutana. Nimemwona baba yangu akimzika mama yake, nimemwona akisimama mbele ya askari wenye bunduki. Sijawahi kumwona akiogopa. Siku hiyo alikuwa ananiogopa mimi.

"Nani anakusumbua hivyo?" mama akauliza.

"Fundi. Wa bomba."

"Haya, si umpokee? Bomba la uani linavuja wiki nzima."

Nilimtazama Sadiq. Aliinua macho kidogo, mara ya kwanza tangu tukae, akatikisa kichwa. Usiseme, alikuwa ananiambia. Alikuwa amenisikia nikitaja talaka, ameviona vile vitanda viwili vimetandikwa, na bado alikuwa ananiomba nisiseme.

Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Neno moja tu na mume wangu angekuwa safi, na mimi ningekuwa nimeshinda shauri langu mbele ya mashahidi. Lakini ng'ambo ya mkeka kulikuwa na mama, kikombe mkononi, uso umewaka kwa ajili yangu. Amekaa hapo kunipigania mimi, nami ndiye ningemmaliza. Nilimchukia baba kwa nguvu ambayo sikujua ninayo.

"Nimekosea," nikasema.

"Umekosea nini?" mama akashtuka.

"Nimekumbuka sasa hivi. Kuna mteja wangu anakaa Mbuya. Nilimpa neno la siri mimi mwenyewe, mwaka juzi, aonje tu. Nikasahau. Mume wangu hana kosa lolote." Nikamgeukia Sadiq, nikainama. "Nisamehe, Baba Shafiq. Nimekuvunjia heshima bure."

"Nimekusamehe," akasema haraka.

Hapo ningedhani baba angenyamaza. Ningekuwa yeye ningenyamaza mpaka Ramadhani ijayo. Lakini mwalimu ni mwalimu. Alipoona hatari imepita rangi ilimrudia, akakaa sawa kwenye mto wake, akakohoa, akaanza kunipa mawaidha. Akaniambia dhana mbaya ni dhambi. Akaniambia mwanamke anayempekua mumewe anaivunja nyumba yake kwa mikono yake. Akazungumza dakika ishirini juu ya uaminifu, na maneno yake yalikuwa mazuri, mtu mwingine angelia. Mwisho akaninyooshea mkono niubusu. Nikaubusu. Ulinukia udi, na nikajiuliza ni udi wa nyumba ipi.

Tukatoka kwa miguu, mimi na Sadiq. Tukapita ukuta wa gereza la Luzira.

"Anaitwa Akwero," akasema bila kuulizwa. "Mjane wa mwanajeshi. Baba yako alimsilimisha, akamuoa. Kulihitajika mashahidi wawili wa ndoa. Mmoja nilikuwa mimi. Aliniapisha."

"Lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Na TV?"

"Alisema mwanamke anachoka kukaa peke yake siku ambazo yeye hayupo. Akaniomba nimwekee kitu cha kutazama. Firdaus, ningemwambiaje hapana? Yule ni baba yako."

Nilishika mkono wake, pale barabarani, kitu ambacho sifanyi. Nilimwonea huruma, na nilijionea haya. Amekubali kuitwa mzinzi mbele ya wakwe zake, amekubali kupoteza mke na watoto, ili kulinda kiapo alichompa mtu mwingine. Wanawake wangapi wa Luzira wana mume wa namna hiyo?

Halafu, hatua chache mbele, shuku yangu ikaamka ikajinyoosha. Miaka mitatu. Amekula kwangu kila siku, amelala ubavuni kwangu, amekwenda na mimi kwa mama sikukuu zote na kumsikiliza akijisifia kikohozi cha Sulaimani, na hata jicho hakupepesa. Mimi, Firdaus, ninayemjua mteja kwa jinsi anavyoshika mlango, sikuona kitu. Anayeweza kufunga mdomo namna ile kwa ajili ya siri ya mwenzake, yake mwenyewe ataifunga vipi? Filamu za vita ni za baba, kwa hiyo Jumanne na Alhamisi Sadiq kweli yuko Port Bell. Nilijiambia hivyo. Kisha nikajiuliza kuhusu Jumatano.

Tulikuwa tumeshakaa kunywa chai nyumbani mama alipopiga simu. Hakuanza na salamu.

"Firdaus. Huyo mteja wako wa Mbuya anaitwa nani?"

"Alum, Mama," nikasema. "Mke wa Okwir, yule afande mrefu. Ananunuaga mashuka ya vitanda vya watoto, yale ya maua. Wamehama hata, wako Gulu sasa. TV wamemwachia mdogo wake."

Sijui hayo yote yalitoka wapi. Sikutafuta neno hata moja. Yalitoka moja baada ya jingine, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, hata nikacheka kidogo hapo mwishoni.

 Upande wa pili nikasikia bomba la uani likidondosha maji. "Haya," akasema taratibu. "Alhamdulillahi," kisha akakata.

Niliweka simu mezani nikainua kikombe changu. Sadiq alikuwa ameacha kunywa. Alikuwa ananitazama, usoni, kwa utulivu, kama anahesabu miaka.

"Afande mrefu," akasema.

"Ndiyo."

"Umeanza lini kujua kusema uongo hivyo, Mama Shafiq?"