Tuone Kama Fundi Ataweza

Fundi alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alijivunia kweli, bila haya: ukimpelekea nguo iliyochanika, ukija kuichukua hutaona ilipochanikia. Wateja walikuwa wakijaribu. Wanaigeuza nguo, wanaisogeza dirishani, wanakwangua kitambaa kwa kucha, halafu wanakata tamaa na kucheka. "Fundi, umenipa nyingine?" Naye kichwa kinamvimba, anajifanya anatafuta futi ya kupimia ambayo iko shingoni mwake.

Siri yake haikuwa kubwa. Hakutumia uzi wa dukani. Alifumua kidogo upindo wa ndani, akachomoa nyuzi za kitambaa chenyewe moja moja, akazifuma kwa sindano nyembamba, juu na chini, mpaka tundu likajifunga. Uzi ule ule, rangi ile ile, hata kuchakaa kule kule. Ilikuwa kazi ya kuumiza macho, saa nzima kwa tundu la ukubwa wa kidole. Lakini ikiisha, imeisha.

Alishonea chumba cha mbele: cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, pasi, na ndoo ya vipande vya vitambaa. Chumba cha nyuma alilala na binti yake wa miaka kumi na miwili, ambaye mtaa mzima ulimwita Kifungo, kwa sababu alipokuwa na mwaka mmoja alimeza kifungo cha koti la mteja, na mteja, mtu mwenye subira ya ajabu, alikuja siku mbili mfululizo kuuliza kama kimetoka. Hadithi hiyo Fundi aliisimulia kwa kila anayeingia. Kifungo aliicheka kila mara, kana kwamba hajawahi kuisikia. Walikuwa wawili tu ndani ya nyumba ile, na walitoshana.

Siku ya kwanza Kifungo aliporudi na gauni la shule limechanika, alisimama mlangoni, mkoba ameuning'iniza kiunoni kuficha.

"Mama, kuna wasichana shuleni..."

"Hebu nione." Fundi alishavaa miwani. Macho yake yalienda kwenye nguo kwanza. Ndivyo alivyoyazoeza kwa miaka ishirini, na hapo ndipo balaa lote lilipoanzia. "Umenasa kwenye msumari wa dawati, siyo? Nimekwambia mara ngapi, ukiinuka angalia nyuma! Vua."

Kifungo aliushusha mkoba.

"Ndiyo," akasema. "Msumari."

Wiki iliyofuata lilichanika kwapani. Halafu kwenye rinda. Halafu pembeni mwa zipu, mahali pabaya, kitambaa kimekunjwa mara tatu na sindano inapita kwa shida. Fundi aligomba. Alisema huyu si binti, huyu ni mbuzi amevalishwa sare. Alisema akina mama wengine wanazaa watoto wa kuwasaidia kazi, yeye kazaa wa kumwongezea. Lakini ukweli usemwe, ingawa unauma: aligomba kwa mdomo tu. Mikono ilikuwa inafurahia. Kila tundu lilikuwa gumu kuliko lililotangulia, na yeye hakuwa amewahi kushindwa na kitambaa.

Alipomaliza lile la zipu alimwita. "Njoo ulitafute. Ukiliona, leo vyombo naosha mimi."

Kifungo alilitazama gauni bila kuligusa. "Silioni, mama."

"Huwezi kuliona! Hata huko shuleni hakuna atakayejua."

"Watalitafuta," alisema Kifungo, sauti chini.

Fundi alikuwa ameshageukia pasi. Alilisikia neno hilo, likapita.

Basi matundu yakafika tisa, halafu yakakoma ghafla. Wiki ya kwanza, gauni zima. Wiki ya pili, zima. Wiki ya tatu Fundi alilikagua kila kona akakuta vumbi tu nyuma, pa kukalia. Furaha aliyokuwa nayo! Alimwita jirani yake muuza mboga aje ashuhudie. "Mwanangu amekua," alimwambia, "anajitunza sasa." Siku hiyo hiyo alitoa kabatini kitambaa kizuri cha sare alichokihifadhi tangu mwaka jana, akaanza kumkatia gauni jipya la shule la kumpongeza. Kifungo alipopimwa mabega alisimama wima, hapumui.

"Pumua, mtoto wewe. Nitakubana."

Gauni lilikuwa limebaki kutiwa mikono pale mwalimu wa darasa la Kifungo alipoingia na sketi yake ipanuliwe kiuno. Walitaniana kidogo kuhusu kiuno. Halafu mwalimu akaweka mkoba chini, akalegeza sauti.

"Na mgonjwa wetu anaendeleaje? Darasa zima linamwulizia."

"Mgonjwa yupi?"

Mguu uliokuwa ukikanyaga cherehani ulisimama. Wiki tatu, mwalimu alisema. Ujumbe uliletwa na mwanafunzi mwenzake, kwamba Kifungo amelazwa.

Saa kumi alasiri Kifungo aliingia na mkoba wake, kama kila siku, akajigeuza akaguliwe. Kwa mara ya kwanza mama yake hakuliangalia gauni.

"Unashinda wapi?"

Mtoto hakujaribu hata kudanganya. Alikuwa amechoka mno. "Zahanati," alisema. "Kwenye benchi la wagonjwa. Pale hakuna anayekuuliza umekaa kwa nini."

Halafu yakamtoka yote, amesimama pale pale katikati ya vipande vya kitambaa. Walikuwa wasichana watatu wa darasa la juu yake. Walimwita Kiraka. Siku ya kwanza walimchania gauni nyuma ya matangi ya maji, kwa ubaya wao tu, na pengine yangeishia hapo. Lakini kesho yake walitaka kuona alivyoaibika, wakalitafuta tundu, wakalikosa. Wakamgeuza huku na huku. Mkubwa wao akacheka, akasema mama yake Kiraka mchawi. Kuanzia hapo ukawa mchezo. Kila likishonwa wanamkagua, wakishindwa kuliona wanachagua mahali pagumu zaidi. *Tuone kama fundi ataweza na hapa.* Wawili wanamshika mikono, wa tatu ana wembe.

"Nilikuwa nasimama bila kupumua, mama. Wasije wakanikata mwili."

Fundi alishika ukingo wa meza. "Mbona hukuniambia?"

Kifungo aliinua tu macho, na Fundi akauona mlango ule, na mkoba ule kiunoni, akajisikia mwenyewe akisema msumari. Hakuna aliyewahi kumpiga kofi zito kama lile.

"Nilikuwa naomba ushindwe," mtoto alisema. "Ungeshindwa mara moja tu, wangeacha."

Asubuhi walikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Wasichana watatu walipangwa ukutani, safi, soksi zimevutwa mpaka magotini. Walikana. Wao na Kifungo ni marafiki, walisema. Hata hawajui kwa nini haji shule. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alilichukua gauni la shule alilokuja nalo Fundi, akaligeuza nje ndani, akalisogeza dirishani kama wateja wanavyofanya. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Mama, nataka kukusaidia," alisema. "Lakini gauni hili ni zima kabisa."

Sifa ile ile aliyoipenda maisha yake yote. Fundi akalichukua gauni, akalitandaza juu ya meza, juu ya makaratasi ya watu, akatoa mkobani kiwembe chake cha kufumulia.

"Hapa kiunoni," alisema, na akakata uzi. "Jumatatu." Kitambaa kilifunguka. "Kwapani. Jumatano iliyofuata." Vidole vilipapasa mahali ambapo jicho halikuona kitu, wembe ukapita, tundu likatokea. "Kwenye rinda. Kwenye zipu, hapa nilikaa kuanzia mchana mpaka magharibi." Alikuwa anaharibu kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na machozi yalimdondokea mikononi, na hakuyafuta, wembe usije ukaenda kombo. Alifumua yote tisa. Alipomaliza, kilichobaki mezani hakikuwa nguo tena. Mmoja wa wale wasichana, si yule mkubwa, alianza kulia.

"Tokeni nje mnisubiri," mwalimu mkuu aliwaambia.

Kifungo alikuwa analitazama gauni. Uso wake haukuwa na furaha yoyote.

"Kumbe unayakumbuka yote," alimwambia mama yake. "Mpaka siku."

Wasichana walisimamishwa masomo kwa wiki mbili, wazazi wao wakaitwa, mwalimu mkuu akaahidi kumweka mtu kule kwenye matangi. Ahadi nzuri. Lakini Kifungo kila akifika getini miguu iligoma, akasimama pale akitapika kifungua kinywa chake chote. Mwisho Fundi akamhamishia shule nyingine, upande wa pili wa soko, na lile gauni jipya akalibadilisha kola na rangi ya mkanda lilingane na sare ya huko.

Sasa alikuwa anauliza. Kila siku anaacha cherehani, anavua miwani, anamtazama mtoto usoni. "Leo vipi?" Na Kifungo anajibu, "Salama, mama." Alikuwa anakula. Alikuwa analala. Siku moja Fundi alimsimulia mteja hadithi ya kifungo cha koti, na binti yake alicheka, kwa kuchelewa kidogo, lakini alicheka.

Mwezi wa pili katika shule mpya, Jumamosi, Fundi alikuwa anapiga pasi. Aliipitisha juu ya mkono wa kushoto wa gauni la shule, na chini yake akahisi kitu, kigumu kama punje ya mchele. Akaiweka pasi pembeni. Akaligeuza.

Palikuwa kwapani. Palikuwa pamefumwa, mishono mikubwa ya mkono wa mtoto, imevutwa mno upande mmoja, lakini njia ilikuwa yake yeye Fundi, juu na chini, uzi ule ule, rangi ile ile. Akakimbilia upindo wa ndani. Ulikuwa umefumuliwa na kurudishiwa kwa uangalifu, nyuzi zimechomolewa. Akapapasa kiunoni, akakuta jingine. Akapapasa marinda. Miaka yote ile mtoto alikaa chini miguuni pake akiokota pini, na hakuna aliyedhani anajifunza.

Alikaa. Pasi ilipoa. Halafu akamwita.

Kifungo alikuja kutoka uani, mikono ina povu la vyombo. Fundi aliliacha gauni mezani, hakuligusa, akamtazama machoni, akamwuliza swali ambalo alipaswa kumwuliza siku ile mlangoni.

"Nani amekuchania, mwanangu?"

Kifungo aliliangalia gauni, akamwangalia mama yake, akatabasamu lile tabasamu wanalopewa wateja.

"Hakuna mtu, mama. Ni msumari wa dawati." Akajifuta mikono, akainyoosha. "Lete, nitalirudia. Pale kwapani bado sijaweza vizuri."